Kwato zanuka tangu masika ianze, ninunue dawa gani?

SWALI: Daktari shikamoo. Nina farasi wawili nawapandisha watalii bichi huku Bamburi. Tangu mvua zianze mmoja kwato zake za nyuma zanuka kama kitu kimeoza, ukichokora yatoka majimaji meusi. Kila jioni namtia baharini nikidhani chumvi itamaliza lakini wapi. Ninunue dawa gani?

JIBU: Marahaba. Kabla ya dawa hebu ingia bandani alfajiri kabla hujafagia, uchuchumae mpaka pua iwe usawa wa magoti ya farasi, uvute pumzi. Macho yakikuwasha basi shida iko hapo, hio ni amonia ya mkojo na ukiwa umesimama wima huenda usiisikie kabisa, lakini yeye akilala ndio hewa yake na akisimama ndio anachokanyaga usiku kucha.

Harufu hio na huo weusi mara nyingi ni kuoza kwa ile sehemu ya pembetatu chini ya ukwato, ile laini laini kama mpira. Vijidudu vyake vyapenda unyevu na pahali hapaingii hewa, na ile mifereji miwili ya kando ndio nyumbani kwao. Sasa wewe wamtoa baharini kwato zimelowa, zimejaa mchanga, wamrudisha kwenye tope. Chumvi haina kosa, kosa ni kwamba mguu haupati kukauka. Wenzetu Ulaya wakati wa kipupwe wahangaika na theluji inayogandana chini ya kwato, sisi masika yetu ni matope, lakini kazi ni ile ile, kuchokora kila siku.

Chokora asubuhi na jioni, kutoka kisigino kuja mbele, kwenye mifereji nenda polepole manake hapo yauma, kisha brashi, kisha uache pakauke ndio upake ayodini kwa pamba. Mrututu, ile dawa ya mawe ya buluu, wazee wautumia na husaidia, ila ni mkali mno, penye nyama mbichi usitie. Na kama fundi wa kwato hajapita muda mrefu muite, kila baada ya wiki 6 hadi 8 yatosha kwa farasi wengi.

Banda nalo, wengi humwaga maranda mapya juu ya yale yaliyolowa, juu pakavu chini bwawa. Usifanye ivo. Toa mavi na yote yaliyolowa kila asubuhi, sakafu ipigwe na upepo farasi wakiwa kazini, wakirudi ndio utandaze makavu. Makuti yakivuja ziba kwanza, la sivyo wafanya kazi ya bure. Nyasi kavu nazo ziinue juu ya mbao zisiguse chini, zikishika ukungu tupa hata kama roho yauma, zitamletea kikohozi.

Ukiona anachechemea, mguu umevimba juu ya ukwato au ukichokora yatoka damu, acha ayodini yako umuite vet siku hio hio. Na umuulize kuhusu sindano ya pepopunda, kama hukumbuki alidungwa lini basi hesabu hajadungwa, farasi pepopunda humshika upesi kuliko wanyama wengi na tundu dogo tu la ukwato latosha.