Kamera nne dukani na sura ya mwizi haionekani, nibadilishe zote?

SWALI: Habari fundi. Nina duka dogo na nyuma yake ndo naishi. Nimefunga kamera nne za megapikseli 2, juzi wamevunja usiku, narudisha video nyuma naona mtu ana kofia anatembea tu, sura hakuna. Mmoja ananiambia niweke 4K (zile za megapikseli 8) zote, mwingine anasema za wifi ndo rahisi. Nichukue zipi?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Kabla hujatoa hela, hizo kamera zimekaa wapi? Nahisi jibu nalijua, ziko juu kabisa kwenye kona karibu na dari zinaangalia chini, na hapo hata ukiweka 4K utapata kofia ile ile, safari hii tu utaweza kuhesabu nyuzi zake.

Ukiacha hapo zilipokaa, ishu yako nyingine ni lenzi. Ukitaka kumtambua mtu usiyemjua, kipimo tunachotumia ni pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Kamera yako ina pikseli 1920 kwa upana, gawa kwa 250 unapata mita saba na nusu hivi, yaani eneo likishakuwa pana kuliko hapo sura inaanza kupotea. Sasa lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndo inakuja na kamera nyingi za bei ya chini, inaona kwa upana wa digrii mia na kitu, kwahiyo mtu akisogea mita 3 tu kutoka kwenye kamera ushafika kwenye huo upana. Ukiweka 4K utasogea mpaka mita 6 hivi. Lakini ukibaki na megapikseli 2 hizo hizo ukachukua lenzi ya milimita 6 unafika karibu mita 7, sema utaona eneo jembamba, mlango na pembeni yake kidogo basi. Ndo unachotaka mlangoni.

Kwahiyo usibadilishe zote. Zile za pana ziache zikuonyeshe nani kaingia wapi, halafu ongeza moja ya lenzi hiyo ya milimita 6 inayotazama mlango kutokea ndani, iwe juu kidogo tu ya kichwa cha mtu. Hakikisha ina WDR (uwezo wa kusawazisha sehemu zenye mwanga mkali na zenye giza kwenye picha moja), la sivyo mchana mwanga wa nje utawageuza wateja wote vivuli vyeusi.

Usiku nao una mambo yake. Kamera yenye megapikseli nyingi kwenye sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) inahangaika gizani, mtu akitembea anakuwa ukungu, taa moja ya kawaida hapo mlangoni itakusaidia kuliko unavyodhani. Na futa utando wa buibui! Buibui akijenga mbele ya lenzi, zile taa za infraredi (za kamera kuonea gizani) zinaumulika utando wake, asubuhi unakuta video ya usiku mzima ni weupe tu.

Wifi mimi sikushauri dukani. Nyingi bado zinahitaji waya wa umeme, sasa umeokoa nini? Vuta waya wa mtandao wa shaba tupu (ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba achana nayo, inapoteza umeme njiani), huo mmoja unapitisha umeme na picha mpaka mita 100. Ila angalia kwanza, kama kamera zako za sasa zinatumia waya mnene kama wa antena ya tivii, uliza kama rekoda yako inapokea na kamera za mtandao, sio zote zinakubali.

Hadidiski: kamera nne zikirekodi muda wote kwa megabiti 4 kwa sekunde kila moja zinakula kama giga 173 kwa siku, kwahiyo tera 2 ni siku kumi na moja hivi. Rekoda ifiche, wezi wanaondokaga nayo. Paswedi ya kiwandani badilisha siku hiyo hiyo.

Ukishafunga, usijipime kwa sura yako maana hiyo unaijua hata ikiwa na ukungu. Usiku mwambie mtu aandike namba yoyote ya gari kwenye karatasi, kwa ukubwa wa kawaida wa namba za gari, asikuonyeshe, asimame nayo mlangoni, we nenda kwenye rekoda. Ukishindwa kuisoma fundi wako arudi juu ya ngazi.