Kabla ya kukariri kifungu, tafuta tatizo lake

Wadogo zangu mnaoanza sheria ya ardhi, pamoja na ninyi mnaokabidhiwa kinanda cha kwaya: mimi sheria ndiyo iliyonipa mkate, na kinanda kimekula jioni zangu nyingi, na ninachowaambia nyote ni kimoja. Kila kanuni ilitungwa ili kumaliza tatizo fulani, na karibu kila mara tatizo lenyewe huacha salio. Tafuteni salio hilo limewekwa wapi.

Kwenye muziki ni rahisi kulisikia. Do na so zinazopatana kabisa zina mitetemo yenye uwiano wa 3 kwa 2. Panda kwa uwiano huo mara 12, ungetegemea kutua kwenye do ileile, oktava 7 juu. Hutui. Unazidi kwa senti 23 na nusu hivi (senti hapa ni kipimo cha sauti, si fedha), yaani karibu robo ya nusutoni, hatua ya ufunguo mmoja wa kinanda hadi wa jirani yake. Kinanda cha leo kinakata ziada hiyo vipande 12, kila do na so inapunguzwa senti 2, na nusutoni zote zinakuwa sawa, senti 100 kila moja. Ndiyo maana unaweza kupiga wimbo kwa ufunguo wowote. Gharama imekwenda kwa mi: imekaa senti 14 juu ya pale sauti za watu zinapopenda kukaa.

Jaribu mwenyewe. Ukianza na do ya hezi 220, do na so za kinanda zikipigwa pamoja zinapwita, yaani sauti inavuma na kufifia, chini ya mara moja kwa sekunde. Do na mi zinapwita karibu mara 9. Kwa hiyo kwaya ikiimba bila ala halafu kinanda kikaingia, usikimbilie kuwagombeza waimbaji wa sauti ya pili. Zoeza sikio kuhesabu mapigo hayo kabla ya kutegemea programu ya simu. Wenye taarabu wanalijua hili zamani: mi ya Rast, mojawapo ya maqam (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu), iko kati ya funguo mbili za kinanda, fidla inaifikia, kodiani haiwezi.

Sasa ardhi, ambako salio lina wenyewe.

Mtafundishwa kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini, na mafungu ni matatu: ya jumla, ya kijiji, ya hifadhi. Sawa. Lakini rudini kwenye vijiji vya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa kwenye mashamba ya wenzao. Wenye mashamba walipokwenda mahakamani kuyadai, ikatungwa sheria mwaka 1992 ya kuzifuta haki zao za kimila. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Lohay Akonaay ya mwaka 1994, ikasema haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Someni hukumu ile nzima, achaneni na mihtasari ya wanafunzi wa mwaka jana. Baada ya hapo kifungu cha 18 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kinachosema haki ya kimila ina hadhi sawa na ile ya kupewa na Serikali, hakihitaji kukaririwa.

Na salio? Mwaka 1999 zilipitishwa sheria mbili, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5. Ya kwanza inasema ardhi ya jumla inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ya pili haina maneno hayo. Mwanasheria wa mjini anaweza kuona ni kasoro ya uandishi tu. Kwa wafugaji ambao malisho yao hupumzishwa miezi kadhaa kila mwaka, maneno hayo machache yanaamua kama ardhi yao ni yao, kwa sababu ardhi ya jumla haimo mikononi mwa kijiji.

Kwa hiyo mteja akija na faili, msianze na bei wala na sahihi ya mwenyekiti. Ulizeni kwanza: hii ni ardhi ya fungu gani, na nani kasema? Ikiwa ni ya kijiji, takeni muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, kwa sababu Halmashauri ya Kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Na tumieni nakala ya sheria yenye marekebisho: tangu mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, haliamui, na bado kuna mawakili wanaokwenda na nakala ya zamani.