Maswali na majibu: Mshauri wa rais atashtakiwa, au ni fununu tu?

Mshauri wa karibu wa rais wa Marekani akishaitwa mbele ya jopo kuu la mahakama, fununu hutangulia karatasi kwa wiki nyingi. Katika majibu ya leo tutarudi mara kwa mara kwa Karl Rove, mshauri mkuu wa kisiasa wa Rais George W. Bush, maana kwake kila kitu kilitokea isipokuwa mashtaka yenyewe. Kwa kifupi: tarehe 6 Julai 2003, balozi mstaafu Joseph Wilson aliandika katika New York Times akipinga hoja ya serikali ya Bush kwamba Iraq ilitafuta urani, madini ya kutengenezea silaha za nyuklia, huko Niger. Tarehe 14, mwandishi wa safu Robert Novak akamtaja mke wa Wilson, Valerie Plame, kuwa mtumishi wa CIA, na kazi ya mama huyo ilikuwa ya siri. Desemba mwaka huohuo Patrick Fitzgerald akateuliwa mwendesha mashtaka maalumu, atafute nani alivujisha jina hilo.

Hilo jopo kuu ni mahakama? Linamtia mtu hatiani?

Halimtii mtu hatiani. Ni raia wa kawaida, wasiopungua 16 wala kuzidi 23, wanaosikiliza upande wa mashtaka peke yake. Hakuna jaji chumbani, na wakili wa shahidi haruhusiwi kuingia. Anakaa nje kwenye korido, na shahidi akitaka ushauri anaomba ruhusa, anatoka, ananong'ona naye, anarudi. Kinachoulizwa ni kama ipo sababu ya kutosha kuamini kosa limetendeka. Ushahidi wa kuambiwa unakubalika, jambo ambalo kesi yenyewe ikianza lingezua pingamizi papo hapo. Wakati wa kupiga kura hata waendesha mashtaka hutoka. Zikipatikana kura 12, hati ya mashtaka imepita.

Wakili wa mshauri anasema mteja wake "si mlengwa wa upelelezi". Basi yuko salama?

Soma neno lenyewe, usisome sauti ya wakili. Waendesha mashtaka wa serikali kuu hugawa watu mafungu matatu. Mlengwa ni yule ambaye tayari kuna ushahidi mzito unaomhusisha na kosa, na mwendesha mashtaka anamwona kama mshtakiwa mtarajiwa. Fungu la kati ni la mtu ambaye mwenendo wake unaangukia ndani ya upelelezi. La tatu ni shahidi tu. Wakili anaposema "si mlengwa" mara nyingi maana yake mteja yuko fungu la kati, na kutoka kati kwenda juu ni hatua moja. Hakuna kipindi cha kusubiri: mtu anaweza kuamka akiwa wa kati na jioni akawa mlengwa.

Pia angalia kama sentensi ina neno "kwa sasa". Mawakili hawaliweki bure.

Mshauri ameitwa kutoa ushahidi kwa mara ya tano. Hiyo si dalili tosha?

Ni dalili kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Kitaelekea upande gani, hiyo ni habari nyingine.

Kwa Rove tatizo lilikuwa mazungumzo ya simu ya tarehe 11 Julai 2003 na Matt Cooper wa jarida la Time. Alipohojiwa mwanzoni mwa 2004 hakuyataja. Baadaye ikapatikana barua pepe aliyomwandikia Stephen Hadley, naibu mshauri wa usalama wa taifa, siku ileile ya mazungumzo, ikimtaja Cooper. Oktoba 2004 Rove akarudi mbele ya jopo akakiri kwamba barua hiyo inaonyesha waliongea. Swali likabaki moja: alisahau, au alificha hadi karatasi ilipomuumbua? Akaitwa tena 14 Oktoba 2005, kisha 26 Aprili 2006.

Sheria ya kiapo cha uongo ina mlango mdogo kwa anayejisahihisha. Lazima arekebishe ndani ya shauri lilelile kabla uongo haujaathiri kazi ya jopo, na, kwa tafsiri ya mahakama nyingi, kabla haijawa dhahiri kwamba uongo utafichuka. Hapo ndipo tarehe zinapouma: barua pepe ilipatikana lini, ilikabidhiwa lini, na nani alijua nini kabla ya hapo. Mlango huo haufunguki kwa uongo alioambiwa ofisa wa FBI; hilo ni kosa jingine, lina kifungo cha hadi miaka 5, na halihitaji kiapo.

Tena hakuna anayelazimika kujitia hatiani. Shahidi aliyeitwa rasmi lazima afike, lakini kwa Marekebisho ya Tano ya Katiba anaweza kukataa kujibu maswali yanayoweza kumtia hatiani. Mtu anayerudi mara tano kwa hiari ana wakili anayeamini mteja wake bado ana la kueleza. Ni kamari, na mawakili wengi wangeikataa.

Tovuti moja imeandika kwamba hati ya mashtaka imeshatolewa ila imefungwa kwa siri. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Hakimu anaweza kuagiza hati isitangazwe hadi mshtakiwa akamatwe au afike mahakamani. Roger Stone, mshauri wa siku nyingi wa Donald Trump, alishtakiwa hivyo: jopo lilitoa hati tarehe 24 Januari 2019, ikafunguliwa kesho yake baada ya kukamatwa alfajiri.

Lakini usiri huohuo ndio kichaka cha kila fununu, kwa kuwa habari ya hati iliyofungwa haiwezi kukanushwa kwa karatasi. Mei 2006 tovuti moja iliandika kwamba Rove ameshashtakiwa na amepewa saa 24 apange mambo yake. Siku zikapita bila kitu. Baadaye ikaonyeshwa namba ya shauri lililofungwa katika mahakama ya Washington kana kwamba ndiyo ya Rove. Mahakama hiyo hufunga mashauri ya kila aina, kwa hiyo namba bila jina haithibitishi lolote. Katikati ya Juni 2006 wakili wa Rove, Robert Luskin, alitangaza kwamba Fitzgerald amemjulisha hatarajii kumfungulia mashtaka mteja wake.

Ukitaka kupima habari ya namna hiyo, anza na chanzo. Wajumbe wa jopo, waendesha mashtaka na mwandishi wa kumbukumbu wamefungwa na sheria wasiseme. Shahidi hajafungwa, yeye na wakili wake wanaweza kueleza walichoulizwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya "vyanzo vilivyo karibu na upelelezi" ni mawakili wa mashahidi, ambao wanajua walichoulizwa wateja wao na hawajui kura. Kisha uliza namba. Hati halisi ina namba, makosa yaliyohesabiwa moja moja, vifungu vya sheria, na sahihi ya kiongozi wa jopo. Ya Lewis Libby, mkuu wa watumishi wa Makamu wa Rais Dick Cheney, aliyeshtakiwa katika upelelezi huohuo, ni 05-394: mwaka 2005, shauri la 394. Herufi RBW zinazofuata ni za Jaji Reggie B. Walton.

Upelelezi ulikuwa wa kuvujisha siri. Mbona Libby alishtakiwa kwa uongo?

Kwa sababu sheria ya 1982 inayolinda majina ya majasusi ni finyu. Lazima uthibitishe kwamba mtu alipata jina kwa kibali cha kuona siri, alilitoa kwa makusudi, na alijua kwamba jasusi huyo anafichwa na serikali. Kila kipengele ni vita. Uongo hauhitaji yote hayo: unaweka maneno ya kiapo upande mmoja na ushahidi upande wa pili. Libby alidai habari za Plame alizisikia kwa Tim Russert, mwandishi wa habari wa televisheni ya NBC, Russert akakana. Tarehe 28 Oktoba 2005 alishtakiwa kwa makosa matano, na Machi 2007 akatiwa hatiani kwa manne.

Muda wa jopo ukiisha bila mashtaka, yamekwisha?

Hapana. Jopo la kawaida hudumu miezi 18 na linaweza kuongezewa hadi miezi 6 zaidi. Likivunjwa, mwendesha mashtaka anapeleka ushahidi kwa jingine, kama Fitzgerald alivyofanya baada ya hati ya Libby. Kinachombana ni ukomo wa muda wa kushtaki, miaka 5 kwa makosa mengi chini ya sheria za serikali kuu.

Akishtakiwa lazima aachie ngazi? Rais je, hawezi kumsamehe?

Hakuna sheria inayomwondoa mshauri kazini kwa kushtakiwa tu, ila kubaki na kibali cha kuona siri huku unajitetea ni taabu. Libby alijiuzulu siku ileile. Msamaha wa rais unafika popote kwenye makosa chini ya sheria za serikali kuu, hata kabla ya hukumu. Bush alimfutia Libby kifungo cha miezi 30 mwaka 2007, lakini hatia na faini ya dola 250,000 zikabaki. Msamaha kamili ulitoka kwa Trump Aprili 2018.

Hatimaye, nani alimpa Novak jina?

Richard Armitage, naibu waziri wa mambo ya nje. Rove alikuwa chanzo cha pili, aliyethibitisha. Armitage aliwaeleza wapelelezi Oktoba 2003, kabla Fitzgerald hajateuliwa, na hakushtakiwa. Umma ulikuja kulijua hilo 2006, wakati kamera zilikuwa zimeshamaliza miezi zikimvizia Rove nje ya mahakama.