Maswali ya Wasomaji: Ruta iliyogoma baada ya kubadilishiwa programu dhibiti

Swali: Ndugu Mhariri, nina ruta ya nyumbani ambayo mtengenezaji wake ameacha kuitolea masasisho ya usalama. Kwa kuwa bado inatosha kwa mahitaji yetu, niliamua kuondoa programu dhibiti iliyokuja nayo, yaani programu inayoiendesha ruta, na kuiwekea OpenWrt, ambayo ni programu dhibiti huria. Nilipakua faili yenye jina la ruta yangu, nikaipandisha kupitia ukurasa wa mipangilio, kazi ikafika mwisho bila onyo lolote, na ruta ikajiwasha upya. Tangu hapo mtandao wa Wi-Fi hauonekani, ukurasa wa 192.168.0.1 haufunguki, na taa ya umeme hupepesa kwa muda mrefu kila ninapoiwasha. Kubonyeza kitufe cha riseti hakujasaidia. Je, ruta hii imekwisha? Na kama inaokoleka, nitajuaje kilichoharibika kabla ya kujaribu tena?

Jibu: Ndugu msomaji, swali lako la mwisho ndilo zito zaidi, na ninafurahi umeuliza kabla ya kuendelea. Ruta nyingi huharibika kabisa kutokana na majaribio ya pupa yanayofuata usakinishaji ulioshindikana, wala si kutokana na usakinishaji wenyewe. Usipandishe faili nyingine yoyote mpaka ujue ruta yako inafika hatua gani inapowaka.

Ruta huamka kwa hatua. Kwanza huamka butiloda, programu ndogo iliyohifadhiwa katika sehemu yake ya pekee ya kumbukumbu ya flashi. Katika ruta nyingi za leo huwa ni U-Boot. Butiloda huita kiini cha Linux, yaani moyo wa mfumo endeshi wa ruta, nacho kiini hufungua mfumo wa faili, na mwishoni husomwa mipangilio ya mtandao. Usakinishaji wa kawaida huandika upya kiini na mfumo wa faili tu na kuiacha butiloda kama ilivyokuwa. Maadamu butiloda ni nzima, ruta inaweza kupewa programu nyingine hata kama kila kilichobaki kimevurugika.

Sasa tazama dalili zako moja moja, kwa sababu mbili kati ya hizo si lazima ziwe dalili za ugonjwa. OpenWrt, kwa kawaida, huanza ikiwa imezima Wi-Fi, na huifungua pale tu mwenye ruta anapoiwasha mwenyewe kwenye mipangilio. Anwani yake ya kuanzia ni 192.168.1.1, kwa hiyo ukurasa wa 192.168.0.1 usingefunguka hata kama usakinishaji ulifanikiwa. Chomoa waya wote isipokuwa wa umeme, hasa ule unaotoka kwenye modemu, maana modemu nyingi nazo hutumia 192.168.1.1 na vifaa viwili vyenye anwani moja huvurugana. Unganisha kompyuta kwenye tundu la LAN kwa waya, zima Wi-Fi ya kompyuta, washa ruta, na uipe dakika kumi nzima kabla ya kuihukumu, kwa kuwa mara ya kwanza OpenWrt huandaa sehemu ya kuhifadhia mipangilio na kazi hiyo huchukua muda. Kisha fungua 192.168.1.1 kwenye kivinjari. Ukurasa ukifunguka, tatizo limekwisha hapo.

Usipofunguka, rudi kwenye taa. Taa inayopepesa, kisha ikabadili mwendo, kisha ikaanza upya kama mwanzo, na mzunguko huo ukajirudia bila kikomo, huonyesha kwamba butiloda inaamka lakini mfumo unaanguka kabla ya kusimama. Taa ikipepesa na hatimaye kutulia, mfumo umesimama na kasoro huenda ipo kwenye mipangilio ya mtandao. Kipimo kingine ni kuipa kompyuta anwani ya kudumu, 192.168.1.2 yenye kinyago cha mtandao (subnet mask) cha 255.255.255.0, kisha kutuma mfululizo amri ya ping, inayouliza kama kifaa kinajibu, kwenda 192.168.1.1 huku ukiwasha ruta. Ruta nyingi hujibu kwa sekunde chache tu za mwanzo, butiloda inapokuwa macho, kisha hunyamaza. Katika ruta za zamani zenye butiloda ya CFE, jibu hilo hubeba TTL (namba inayoonekana katika kila jibu la ping) ya 100, ilhali Linux ikishasimama hujibu kwa TTL ya 64, na hivyo hutambulisha ni nani anayejibu.

Ikiwa mfumo unasimama ila hauingiliki, tumia hali ya dharura ya OpenWrt. Washa ruta, na mara taa inapoanza kupepesa haraka, bonyeza kitufe cha riseti. Taa ikiongeza kasi, umeingia. Katika hali hiyo ruta haigawi anwani, kwa hiyo ile anwani ya kudumu ya kompyuta ni ya lazima. Ingia kwa SSH (njia ya kutoa amri kwa mbali) kama root, yaani msimamizi mkuu, kwenye 192.168.1.1, toa amri ya firstboot, kisha reboot. Njia hii hufuta mipangilio na kuacha programu yenyewe, na huwafaa sana waliohama kutoka DD-WRT au programu nyingine ya jamii huku wakibeba mipangilio ya zamani ambayo mfumo mpya hauielewi.

Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, ninashuku zaidi faili yenyewe. Umesema ilikuwa na jina la ruta yako, na jina pekee halitoshi. Watengenezaji hubadilisha chipu ndani ya ganda lilelile na kuongeza namba ndogo ya toleo kwenye kibandiko cha chini. TP-Link TL-WR841N ni mfano mzuri: toleo la 9 lina chipu ya Qualcomm Atheros, na toleo la 13 lina ya MediaTek, hivyo faili ya moja ni takataka kwa nyingine. Linksys WRT54G, ruta ambayo msimbo wake uliotolewa hadharani mwaka 2003 ndio uliozaa OpenWrt, ilipofika toleo la 5 ilipunguziwa flashi kutoka megabaiti 4 hadi 2 na ikaacha Linux. Geuza ruta yako usome toleo, kisha ulilinganishe na faili uliyopakua. Angalia pia aina ya faili. Yenye neno factory katika jina lake hutumiwa unapotoka kwenye programu ya mtengenezaji, na yenye neno sysupgrade hutumiwa unapokuwa tayari ndani ya OpenWrt. Mwisho, pima kwenye kompyuta alama ya SHA-256 ya faili, yaani msururu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo, uilinganishe na ile iliyochapishwa penye ukurasa wa kupakulia. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili iliharibika njiani na hairuhusiwi kukaribia ruta yoyote.

Ukishapata faili sahihi, ipitishe kwa butiloda, kwa itifaki ya TFTP, njia rahisi ya kuhamisha faili kwenye mtandao. Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema, kwa sababu kuna njia mbili zinazokwenda kinyume. Katika ruta za aina moja, butiloda hungoja kwa sekunde chache ipelekewe faili, nawe unaituma kutoka kwenye kompyuta. Katika aina ya pili, zikiwemo TP-Link nyingi, butiloda yenyewe ndiyo huenda kuitafuta faili kwenye kompyuta: kompyuta lazima iwe na anwani ya 192.168.0.66, iwe inaendesha seva ya TFTP, na faili iwe na jina kamili ambalo butiloda inalitarajia, mfano ArcherC7v2_tp_recovery.bin kwa Archer C7 toleo la 2. Ukilikosea jina kwa herufi moja, ruta itatafuta, itakosa, na itaendelea kuzunguka kama awali. Soma kwanza ukurasa wa ruta yako katika orodha ya vifaa ya OpenWrt ujue iko upande gani. Kisha shikilia kitufe cha riseti, washa umeme ukiwa bado umekishikilia, na ukiachie pale taa inapobadilika.

Zipo kasoro mbili zinazofanana na kifo cha ruta ilhali ziko kwenye kompyuta. Fayawoli ikizuia mlango wa UDP namba 69, ombi la ruta halifiki kamwe kwenye seva, basi izime wakati wa kazi hiyo. Nyingine ni kwamba kila ruta inapozimwa kompyuta huona waya umekatika, na inapowashwa huchukua sekunde kadhaa kuutambua tena, wakati ambapo butiloda imekwisha ngoja na kukata tamaa. Weka swichi ndogo ya mtandao kati ya vifaa hivi viwili ili upande wa kompyuta ubaki hai muda wote. Nimeona ruta zilizokwisha kuwekwa kando zikipona kwa swichi hiyo tu.

Ikiwa butiloda haijibu kabisa, inabaki kufungua ganda na kuunganisha adapta ya mawasiliano ya mfululizo kwenye ubao, kwa kawaida kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Adapta iwe ya volti 3.3, na pini ya kuleta umeme isiunganishwe. Unganisha pini ya ardhi (GND), kisha TX (pini ya kutuma) kwa RX (pini ya kupokea) na RX kwa TX. Adapta ya volti zaidi huunguza chipu, nawe utakuwa umeharibu kifaa ambacho kilikuwa bado na uhai. Kama hujawahi kushika chuma cha kulehemu, tafuta fundi.

Swali: Mimi nilifanikiwa kuweka OpenWrt, ila sasa nataka kurudi kwenye programu ya mtengenezaji. Je, nipandishe faili yake moja kwa moja?

Jibu: Si kabla ya kulitazama jina la faili. TP-Link za miaka ya nyuma zina faili ambazo majina yake yana neno boot, kumaanisha kwamba butiloda imefungwa humo ndani pamoja na programu. Ukiiandika faili hiyo kutoka ndani ya OpenWrt jinsi ilivyo, kila kitu husogea mbele na ruta haiamki tena. Kwa ruta hizo, sehemu ya mwanzo ya baiti 131,584 hukatwa kwanza kwa amri ya dd, yaani vipande 257 vya baiti 512. Kabla ya hatua hiyo, nakili pia sehemu ya flashi iitwayo art, kwa ruta zenye chipu za Atheros, uihifadhi nje ya ruta: humo mna vipimo vya redio vya kifaa chako pekee, na vikifutika hakuna faili ya kupakua itakayovirudisha.