Mtoto wa miaka 4 na kusoma: jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada ameuliza mambo matatu. Binti yake ana miaka 4, na mtoto wa jirani wa umri huohuo anasoma kitabu kizima cha Kiingereza. Je, wake amechelewa? Aanze na Kiswahili au Kiingereza? Na hizi programu za simu zinasaidia? Nafundisha darasa la kwanza shule ya serikali huku Temeke, na wangu nimewalea pia, kwa hiyo nitasema ninayoyaona.

Hajachelewa. Darasa la kwanza wanaingia na miaka 6 au 7, na wakifundishwa vizuri wengi wao wanasoma kabla mwaka haujaisha. Kuhusu huyo wa jirani, siku ukienda kwao funika picha kwa kiganja, halafu mwonyeshe neno moja katikati ya ukurasa. Akinyamaza, au akirudi juu kuanza ukurasa upya, ujue amekariri. Sisemi kwa ubaya, mtoto kushika hadithi kichwani ni jambo jema, ila kusoma bado. (Usimpime mbele ya mama yake, mtakosana bure.)

Hili la kukariri ndilo linalotusumbua kuliko yote. Utasikia darasa zima linaimba "ba be bi bo bu" mpaka bati linatetemeka. Sasa andika "bu" peke yake pembeni ya ubao, umwite mmoja. Anaanza kunong'ona ba, be, bi, bo, vidole vinahesabu, hadi aifikie. Anajua "bu" inakaa wapi kwenye wimbo, lakini sura yake haijui. Hata mwanangu wa pili alikuwa "anasoma" daladala za Kariakoo tangu zikiwa mbali, nyumba nzima tunamsifu, kumbe anaangalia rangi ya ule mkanda ubavuni mwa gari.

Kwa hiyo miaka 4 ni miaka ya masikio. Kabla ya herufi yoyote, asikie kwanza kwamba neno lina vipande. Pigeni makofi: ki-ti, sa-ha-ni, su-fu-ri-a. Mkichambua mchele mwambie "naona kitu kinaanza na mmm", naye atafute: meza, maji, mama. Akizoea, mpe ngumu zaidi: "Sema kuku. Ku ya mwisho toa, weka ta." Kuta! Atacheka, na atataka tena. Vitendawili na hadithi za jioni viendelee kama kawaida. Mtoto anayeweza kukwambia sufuria inaanza na sss amekurahisishia kazi kubwa. Halafu kuna siku atashika pakiti ya unga akuulize, "Mama, hapa pameandikwaje?" Hapo leta herufi. Wengine wanauliza na miaka 4, wengine mpaka 6, na wote wanasoma.

Herufi anza na irabu tano, kisha m, k, t, l, b, kwa sababu hizo zinakupa haraka maneno anayoyajua: mama, kuku, taa, kiti, baba, tatu. Ile d iache kwanza, ije b ikishakaa sawasawa, maana kwa jicho la mtoto ni kitu kimoja kimegeuzwa. Na fundisha sauti, jina la herufi litakuja lenyewe. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa mwaka 2015 ulisisitiza hivyo shuleni, lakini nyumbani wazazi wengi bado tunaanza na a, be, che, de. Ukimwambia hii ni "be" na hii ni "te", akikutana na bata atakusomea "be-a-te-a", na ana haki yake kabisa.

Vifaa visikuumize kichwa. Okota vizibo vya soda, bandika karatasi, andika silabi kwa maka peni, kisha vichanganye vizuri (ukivipanga ba be bi, umerudisha wimbo). Aunge ku na ku, ku na ta, ta na tu. Dakika kumi zinatosha, na acha akiwa bado anataka.

Atakwama kwenye mti na mtoto. Amezoea kila herufi ina irabu yake, kwa hiyo atasoma "muti". Usimgombeze, ametumia akili. Mfumbishe mdomo, mmm, kisha "ti". Ng'ombe na ngoma ziache mwishoni kabisa.

Lugha: anza na Kiswahili hata kama atasoma shule ya Kiingereza. Kwetu a ni a popote utakapoikuta, mtoto akishajua kuunga sauti anasoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Kiingereza herufi moja inabadilika kila neno, na majina yenyewe yanamvuruga: e inaitwa "i", i inaitwa "ai". Wapo wanaohamia kwetu kutoka shule za Kiingereza, mtoto akitaka kuandika kiti anaandika "kete", akiona meza anasoma "miza". Akijua kuunga kwa Kiswahili, ujuzi huo anahama nao. Kiingereza chenyewe mpe cha mdomo kwanza, azungumze na aimbe.

Kuandika kutenganishe na kusoma. Vidole vya miaka 4 havijakomaa kujaza ukurasa mzima wa "a", hata chekechea wakimpa kama kazi ya nyumbani. Achore kwenye mchanga, afinyange udongo, achambue maharage.

Programu za simu nyingi nilizoziona zinamsomea mtoto neno zima akigusa picha, yaani tumerudi kwenye kukariri. Ukipata ya Kiswahili inayotamka silabi mojamoja, itumie ukiwa umekaa naye.

La mwisho hukuliuliza, lakini nakutana nalo kila mwaka. Mtoto akifika katikati ya darasa la pili hawezi kuunga silabi mbili, au ananakili ubaoni vibaya hata akikaa mbele, au sikio linatoa usaha mara kwa mara, mpeleke hospitali apimwe macho na masikio kabla hujamtafutia mwalimu wa tuisheni.