Ijumaa Ambayo Samoa Haikuiona

Wiki hii mmetuuliza: ni tarehe gani ya historia ambayo huchoki kuisimulia? Yangu ni Ijumaa, 30 Desemba 2011, nchini Samoa. Siku hiyo huko haikuwepo kabisa. Watu walilala Alhamisi tarehe 29, na ilipofika saa sita usiku ikaingia Jumamosi tarehe 31.

Mimi nimezaliwa tarehe 30 Desemba, ndiyo maana habari hii ilinishika. Nilisimama mbele ya kalenda ya ukutani, nikaifunika Ijumaa ile kwa kidole gumba, nikausoma mstari wa wiki: Alhamisi, Jumamosi. Nikawafikiria Wasamoa niliozaliwa nao siku moja.

Sababu ilikuwa biashara. Samoa ilikuwa mashariki ya mstari wa tarehe, ule mstari wa kufikirika unaokata Bahari ya Pasifiki, ambao walio mashariki yake huwa nyuma kwa siku moja. Ijumaa Wasamoa wakiwa kazini, New Zealand ni Jumamosi na ofisi zimefungwa. Jumapili Wasamoa wakiwa kanisani, Sydney ni Jumatatu na kazi zimeshaanza. Siku mbili za kufanya biashara na majirani wao wakubwa zilikuwa zikiwapotea kila wiki. Serikali ikaihamishia nchi ng'ambo ya pili ya mstari, na waajiri wakatakiwa kulipa ujira wa Ijumaa ambayo hakuna aliyeifanyia kazi.

Na siku yenyewe walikuwa wameikopa! Mwaka 1892, wafanyabiashara wa Kimarekani walipokuwa na nguvu visiwani, Samoa ilivuka mstari kuelekea upande wa Marekani, wakaishi tarehe 4 Julai mara mbili. Kwa kuwa ulikuwa mwaka mrefu, wakapata siku 367. Mwaka 2011 wakaambulia 364. Deni la miaka 119 likaisha usiku mmoja.

Ulaya nako siku zimewahi kufutwa. Mtawa Mkatoliki Teresa wa Ávila alifariki Hispania usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582, na kulipokucha ikawa tarehe 15, kwa sababu Papa Gregori XIII alikuwa ameondoa siku kumi ili kuisahihisha kalenda. Lakini pale mfuatano wa siku za wiki haukuguswa: Alhamisi ilifuatwa na Ijumaa. Samoa waligusa wiki yenyewe, na hilo ni zito zaidi. Wasabato wa huko walijikuta na swali gumu: siku ya saba ni ipi sasa? Wapo walioendelea kuhesabu saba bila kuruka, Sabato yao ikaangukia Jumapili. Wengine wakashika Jumamosi ya kalenda mpya. Waumini wa kanisa moja wakagawanyika kwa ajili ya siku ambayo haikuwahi kupambazuka.

Wale niliozaliwa nao siku moja, hata hivyo, walikuwa na pa kwenda. Visiwa jirani vya Samoa ya Marekani havikuhama, na huko Ijumaa ilifika kama kawaida.