Kupima presha uwanjani siku ya mechi kunatosha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni katibu wa tawi la mashabiki wa Mbeya City hapa Mwanjelwa. Siku ya mechi pale Sokoine tunataka kuwapima watu presha bure. Muuza dawa za kupunguza kitambi amejitolea kutushonea fulana, ila naye apewe meza. Tupangeje?

JIBU: Marahaba. Huyo muuza dawa mwondoeni kwanza, ndipo tuzungumze.

Timu ya mpira ina kitu ambacho sisi wa zahanati tunakikosa: wanaume. Baba wa miaka 45 anayekwepa zahanati mpaka abebwe, Jumamosi anakuja uwanjani kwa miguu yake, mvua inanyesha. Scotland walilitumia hilo. Klabu 13 ziliwafungulia viwanja mashabiki wao wanene, wanaume wa miaka 35 hadi 65, na makocha wa klabu wakawaongoza kwenye kula, kutembea na kupunguza pombe. Matokeo yalichapishwa 2014: baada ya mwaka walikuwa wamepungua karibu kilo 5 zaidi ya wenzao waliokuwa wakisubiri zamu. Lakini walikutana kila wiki, kwa wiki 12. Bure.

Bonanza la siku moja ndilo linalonichosha. Niliwahi kukaa kwenye meza ya namna hiyo. Akaja mpiga ngoma, ametoka jukwaani anahema, koti zito la baridi yetu mwilini, na mpimaji akamfunga mkanda juu ya koti. 172 kwa 104! Akaambiwa ana presha, akaenda moja kwa moja kwa muuza dawa za majani nje ya geti. Kwa mkanda juu ya koti, mezani hakupimwa. Mtu akae kimya dakika 5, mkono uwe wazi na uegemezwe usawa wa moyo. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, arudiwe siku nyingine kabla hajaitwa mgonjwa.

Kwa hiyo siku ya mechi andikisheni majina tu. Vipimo vifanyike asubuhi za mazoezi, muuguzi akiwepo, wiki hadi wiki, kwa watu walewale.

Na hao wauza dawa za chupa! Kila mara napokea mgonjwa aliyeacha vidonge vya presha kwa kuambiwa mizizi "inasafisha damu". Presha kwa kawaida haiumi, ndiyo maana anadanganyika: anajiona mzima, mpaka asubuhi mdomo umepinda na mkono mmoja haunyanyuki. Mkiona hivyo, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, msipitie kwa mganga.